Nani Alilipia Bunduki? Safari ya Fedha za Vita Mashariki mwa Kongo

  

Leo tunauliza jambo moja. Bunduki ina bei. Risasi ina bei. Mpiganaji anakula kila siku, anaumwa, anataka viatu, na redio ya mawasiliano ya kamanda wake inataka betri. Kikundi chenye watu mia tano porini ni nyumba kubwa ya kulisha. Nani alikuwa analipa?

Majibu mawili husikika upesi. La kwanza ni kwamba wageni ndio wanaolipa. La pili ni kwamba hakuna cha pesa hapa, ni chuki ya makabila, iko katika damu. Jibu la kwanza lina ukweli wake. La pili limewatesa watu wengi wasio na hatia, wakiwamo baadhi yenu mnaotusikiliza. Sisi leo tutaifuata pesa yenyewe, mahali ilipopita.

Kama ulitoka Masisi, Walikale, Kalehe, Shabunda au Fizi, huenda uliwahi kushika kikaratasi kidogo chenye muhuri, tarehe na kiasi ulicholipa. Wengine wanakiita jeto. Ulikipata kwenye bariera: kamba iliyofungwa kati ya miti miwili, au mwanzi uliolazwa juu ya njia, na vijana wawili watatu wenye silaha wakiwa wamekaa kivulini. Ulilipa, ukapewa karatasi, ukapita. Siku nyingine hukupewa hata hiyo karatasi.

Kwako kilikuwa kitu cha kutupa ukifika nyumbani. Kwa mtafiti, kikaratasi kile ni ushahidi. Kinaonyesha nani alitawala njia ile, siku gani, na alijiona nani hata akajitengenezea muhuri. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa wamekusanya karatasi za namna hiyo kwa miaka mingi na kuziambatisha kwenye ripoti zao. Mwaka 2017 watafiti wa taasisi ya IPIS ya Ubelgiji, pamoja na wenzao Wakongo, walichora ramani ya bariera za Kivu Kaskazini na Kivu Kusini. Walihesabu karibu 800. Na msidhani zote zilikuwa za waasi. Nyingi sana zilishikwa na askari wa serikali, nyingine na idara za serikali zenyewe.

Tena si zote zilikaa kwenye njia za madini. Nyingi zilitoza watu waendao sokoni. Mama mwenye kikapu cha mihogo, kijana wa pikipiki, mchungaji wa mbuzi, mwenye gunia la makala, yaani mkaa kama wasemavyo Watanzania: wote walilipa. Dunia inapenda kusimulia vita vya Kongo kama hadithi ya madini na simu za mkononi. Ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Yule mama wa mihogo naye aliilipia vita hii, bila kuulizwa kama anaitaka.

Sasa turudi nyuma kidogo, maana desturi hii haikuanza na koltani.

Mwaka 1965, Ernesto Che Guevara alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma akiwa na wapiganaji Wakuba, kwenda kuwasaidia waasi wa milima ya Fizi. Aliondoka mwezi Novemba mwaka uleule, na baadaye aliandika waziwazi kwamba safari ile ilishindwa. Lawama yake moja ilihusu uongozi: wakubwa walikaa mbali na mapigano. Kijana Laurent-Désiré Kabila, aliyekuwa mmoja wa wakubwa hao, alifika mstari wa mbele kwa siku chache tu, kisha akarudi ng'ambo ya ziwa.

Lakini Kabila hakuacha. Mwaka 1967 aliunda chama chake, PRP, katika milima hiyohiyo ya Fizi. Eneo lake akaliita Hewa Bora. Mwanahistoria Mkongo, Wilungula Cosma, ameandika kitabu kizima juu ya maficho yale kuanzia 1967 hadi 1986. Hewa Bora haikuwa na mfadhili mkubwa. Iliishi kwa dhahabu ya milimani na pembe za ndovu, vilivyovushwa ziwani na kuuzwa ng'ambo, na kwa jasho la wanakijiji waliolima na kutoa sehemu ya mavuno. Wazee wa Kibembe mlioko katika kambi za Kigoma, baadhi yenu mliyaona haya kwa macho, au mlisimuliwa na baba zenu.

Mwezi Mei 1975 chama hicho kilijaribu njia nyingine. Watu wenye silaha walivuka ziwa usiku, wakashuka Gombe, pale Jane Goodall alipokuwa akichunguza sokwe, wakawateka wanafunzi wanne wa kigeni. Walidai fedha, silaha, na kuachiliwa kwa wenzao waliofungwa Tanzania. Baada ya mazungumzo marefu na malipo, wote wanne waliachiwa wakiwa hai. Lakini Tanzania, ambayo ilikuwa imefumba jicho moja, ilikasirika. Tukio lile liliwapa pesa ya haraka, na likauharibu mlango waliokuwa wakipitishia pesa ya kila siku.

Mnaona hapo kazi ya kiongozi. Dhahabu ya Fizi ilikuwa palepale kabla ya Kabila na baada yake. Yeye ndiye aliyeamua itoke vipi, iuzwe wapi, na apatikane nani wa kulipa. Akaamua pia kuishi mbali na waliokuwa wakiichimba. Mpaka miaka ya 1980 maficho yale yalikuwa yamedhoofika. Yaliweza kuushambulia mji wa Moba mwaka 1984 na tena 1985, lakini si kuushika.

Tunaruka sasa hadi 1996. Kabila yuleyule alirudi akiwa msemaji, kisha mkuu, wa AFDL, akiungwa mkono na majeshi ya Rwanda na Uganda. Kwa miezi saba tu vita vilivuka nchi nzima hadi Kinshasa. Mchumi Paul Collier wa Oxford husimulia kwamba Kabila alimwambia mwandishi wa habari kuwa kufanya uasi Zaire ni rahisi: unahitaji dola 10,000 na simu ya setilaiti. Pesa ni ya kununua jeshi dogo katika nchi ya watu maskini. Simu ni ya kuzungumza na makampuni. Pengine alitania. Lakini Aprili 1997, Mobutu akiwa bado rais, kampuni ya American Mineral Fields ilikwisha kutia saini na AFDL mikataba ya shaba na kobalti za Katanga. Muuzaji alikuwa hajawa serikali, na mnunuzi hakujali.

Vita vya pili vilianza Agosti 1998, na hapo ndipo koltani inaingia.

Mwaka 2000, bei ya tantali, metali inayotoka ndani ya koltani, ilipanda duniani karibu mara kumi. Viwanda vya vifaa vya umeme viliogopa kukosa, vikanunua kwa pupa. Kule Masisi, Kalehe na Walikale watu waliacha mashamba, wakashika sururu. Waliokuwa wakitawala eneo hilo ni RCD-Goma. Novemba 2000 wakaipa kampuni moja tu, SOMIGL, haki ya kununua na kusafirisha koltani yote ya eneo lao. Kiongozi wao wa wakati ule, Adolphe Onusumba, aliwaambia waandishi wa habari kwamba koltani iliwaletea karibu dola milioni moja kwa mwezi. Hakuona haya kulisema. Kwake ilikuwa kodi ya serikali.

Mpango ule haukudumu. Wafanyabiashara waliotengwa walipitisha mizigo yao kwa njia za panya. Mwaka 2001 bei ya dunia ikaanguka kwa kishindo, na ukiritimba wa SOMIGL ukafutwa. Waliobaki na hasara ni wachimbaji, walioacha mihogo yao bila kupaliliwa.

Wakati huohuo Baraza la Usalama lilikuwa limeunda jopo la wataalamu wa kuchunguza uporaji wa mali ya Kongo. Ripoti yake ya kwanza ilitoka Aprili 2001, chini ya Safiatou Ba-N'Daw wa Côte d'Ivoire. Ile ya Oktoba 2002, chini ya Mahmoud Kassem wa Misri, ilisema jambo ambalo halikumpendeza mtu yeyote: kulikuwa na mitandao ya wakubwa upande wa Rwanda, upande wa Uganda, na vilevile upande wa serikali ya Kinshasa na marafiki zake wa Zimbabwe. Kwa huo upande wa serikali pekee, jopo lilisema mali ya madini ya taifa yenye thamani isiyopungua dola bilioni 5 ilihamishiwa makampuni binafsi katika miaka mitatu. Basi usimwachie jirani yako hapo kambini akuambie kwamba walioiba ni wa upande mmoja.

Sasa nije kwenye utafiti ninaoona unatufundisha zaidi kuliko ripoti hizo zote.

Mchumi Raúl Sánchez de la Sierra alifanya kazi kwa miaka na timu ya watafiti Wakongo, wakienda kijiji hadi kijiji. Waliwaketisha wazee na wenye nyumba, wakawauliza mwaka hadi mwaka: nani alikaa hapa na bunduki? Alikuja lini? Alitoza nini? Aliondoka lini? Kisha wakalinganisha kumbukumbu hizo na bei za madini duniani.

Walikuta hivi. Bei ya koltani ilipopanda, wenye silaha walihamia kwenye machimbo ya koltani, wakaweka ushuru pale mlangoni, na wakaanza kulinda machimbo yasiingiliwe na wengine. Kwa nini? Kwa sababu koltani ni nzito na huonekana. Mtu mwenye gunia la kilo 50 begani hawezi kulificha.

Lakini bei ya dhahabu ilipopanda, hawakufanya hivyo machimboni. Dhahabu huingia mfukoni, kwenye pindo la kitenge, mdomoni. Ukiweka bariera mlangoni mwa machimbo, itapita mbele ya macho yako. Basi walikwenda kukaa vijijini, kule ambako mchimbaji anaitumia pesa ya dhahabu: kwenye duka, kwenye pombe, kwenye soko la nyama. Wakawatoza wenye nyumba kila wiki au kila mwezi, wakatoa vibali vya kwenda machimboni, wakasikiliza mashauri, wakajifanya utawala.

Ndiyo maana wewe uliyetoka kijiji cha dhahabu unakumbuka ile kodi waliyoiita "lala salama", ya kulipia usingizi wako mwenyewe. Na wewe uliyetoka kwenye machimbo mazito unakumbuka zaidi gunia kupimwa, na salongo, siku ambayo kila mtu anachimba kwa ajili ya mkubwa. Waliokutoza wanaweza kuwa watu wa namna moja kabisa. Uzito wa jiwe ndio uliobadili namna yao ya kukutoza.

Pale Bisie, katika msitu wa Walikale, kasiteriti, yaani mawe ya bati, ilibebwa migongoni. Wabebaji walitembea takriban siku mbili msituni hadi Ndjingala, kila mmoja na kilo zake 50, huku vituo vya kulipia vikiwa njiani. Kutoka barabarani, ndege ndogo ziliipeleka Goma. Kwa miaka kadhaa hadi 2009, waliotawala machimbo yale ni kikosi cha 85, kilichokuwa rasmi cha jeshi la taifa lakini watu wake walikuwa Mai-Mai wa Kanali Samy Matumo. Serikali ilipowaondoa, walioingia mahali pao walikuwa wapiganaji wa zamani wa CNDP waliovalishwa sare ya taifa. Jina la mtozaji lilibadilika. Gunia lilibaki lilelile, na mgongo uleule.

Utafiti ule una sehemu nyingine iliyo ngumu kusikika. Mahali ambapo kikundi kimoja kilikaa kwa muda mrefu na kutoza kwa kipimo kinachojulikana, hali ya maisha ya watu mara nyingine ilikuwa afadhali kuliko mahali pasipo na mkaaji, ambapo waporaji walipita usiku na kuchukua kila kitu. Hii si sifa kwa mwenye bunduki. Anayekukamua ng'ombe kila asubuhi hakupendi. Anataka tu ng'ombe awe hai kesho. Lakini inaeleza kwa nini wengi wenu hamkukimbia siku bariera ilipowekwa. Mlikimbia siku ilipoondolewa na hamkujua nani anakuja.

Jambo hilo lilionekana vibaya sana mwaka 2009.

Mwezi Januari mwaka ule, Kinshasa na Kigali walipatana. Jenerali Laurent Nkunda wa CNDP, ambaye kikundi chake kilitoza ushuru mpakani Bunagana na makala kutoka msitu wa Virunga, alikamatwa Rwanda, na wapiganaji wake wakaingizwa jeshini. Kisha majeshi yakaigeukia FDLR, kwanza kwa operesheni Umoja Wetu, na kuanzia Machi kwa operesheni Kimia II. FDLR ilikuwa na viongozi waliokimbia Rwanda baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, na kwa miaka ilikuwa imekaa kwenye vijiji vingi ikitoza masoko, mashamba na machimbo. Ilipong'olewa huko, haikuwa tena na sababu ya kumhifadhi mtu yeyote. Iligeuka kuwa moto. Huko Busurungi, usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Mei 2009, nyumba zilichomwa watu wakiwa ndani. Human Rights Watch ilihesabu raia zaidi ya 1,400 waliouawa kwa makusudi kati ya Januari na Septemba mwaka ule, na FDLR pamoja na majeshi yaliyokuwa yakiipiga.

Je, hiyo ilikuwa hesabu ya pesa tu? La. Hapa lazima tumwangalie kiongozi.

Rais wa FDLR, Ignace Murwanashyaka, hakuwa msituni. Aliishi Ujerumani, katika mji wa Mannheim, na kuwasiliana na makamanda wake kwa simu ya setilaiti na barua pepe. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walifuata rekodi za simu hizo na malipo yaliyopitia makampuni ya kutuma fedha, wakakuta waungaji mkono katika nchi nyingi za Ulaya, Afrika na Amerika Kaskazini. Ujerumani ilimkamata Novemba 2009. Mwaka 2015 mahakama ya Stuttgart ilimhukumu miaka 13. Baadaye mahakama ya juu iliamuru sehemu ya kesi isikilizwe upya, naye akafa Aprili 2019 kabla haijakwisha.

Mtu angedhani kwamba kiongozi akikamatwa kikundi kinakufa. Angola ilikuwa hivyo karibu kabisa. UNITA ya Jonas Savimbi iliishi kwa almasi. Shirika la Global Witness lilikadiria kwamba iliingiza dola bilioni 3.7 kati ya 1992 na 1998. Vikwazo vya Umoja wa Mataifa viliibana, lakini Savimbi mwenyewe hakukubali kuacha. Aliuawa mkoani Moxico tarehe 22 Februari 2002. Tarehe 4 Aprili, wiki sita tu baadaye, makamanda wake walitia saini amani. Almasi zilikuwa bado ardhini. Mtu mmoja ndiye aliyekuwa ameshikilia vita.

FDLR haikufanya hivyo. Murwanashyaka alikuwa kizimbani, na huko Kivu kamanda Sylvestre Mudacumura aliendelea hadi alipouawa Septemba 2019, na kikundi hakikufa hata baada yake. Tofauti iko wapi? Kwa maoni yangu, Savimbi aliweka pesa yote mkononi mwake mwenyewe. Katika Kivu, kila kamanda ana bariera yake. Ukimkata mkubwa, vidole vinaendelea kukusanya.

Serikali za mbali nazo zilijaribu kuukata mshipa wa pesa. Mwaka 2010 Marekani ilipitisha sheria ya kuyataka makampuni yake yaeleze asili ya madini yao, na Septemba ileile Rais Joseph Kabila alifunga uchimbaji wa wadogo mashariki hadi Machi 2011. Maelfu ya wachimbaji walikosa mkate. Koltani na bati vikapungua kweli mikononi mwa wenye silaha katika baadhi ya machimbo. Dhahabu, ambayo mtu anaificha mdomoni, iliendelea kupita.

Nimebakiza sehemu moja, na ndiyo iliyo karibu nanyi kuliko zote, maana haikutokea machimboni. Ilitokea kambini.

Julai 1994, baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi nchini Rwanda, watu wapatao 850,000 waliingia eneo la Goma kwa siku chache. Kibumba, Katale, Mugunga. Kipindupindu kikaua maelfu. Wengi walikuwa watu wa kawaida, wakulima na watoto. Lakini pamoja nao waliingia askari wa serikali iliyoshindwa, Interahamwe, na wakubwa wa komini walewale walioongoza mauaji. Mashirika ya misaada yalikuwa na haraka ya kuokoa roho. Yaligawa chakula kupitia viongozi waliowakuta, na viongozi waliowakuta ni hao.

Kilichofuata kimeandikwa na watu wa mashirika wenyewe. Viongozi walitaja hesabu ya watu kubwa kuliko iliyokuwapo. Chakula cha ziada kiliuzwa, na pesa ikaenda kwenye kulijenga upya jeshi. Mkimbizi aliyeajiriwa na shirika alikatwa sehemu ya mshahara wake. Aliyetaka kurudi nyumbani alitishwa, na wengine waliuawa, kwa sababu kila anayerudi alipunguza hesabu, na hesabu ilikuwa mtaji. Novemba 1994 tawi la Ufaransa la Madaktari Wasio na Mipaka liliondoka, likisema haliwezi kuendelea kuwalisha wenye kuandaa vita. Mengine yalibaki, yakisema hayawezi kuwaacha watoto. Sijui kama yuko mwenye haki ya kuwahukumu waliobaki au walioondoka. Mwisho wa 1996 kambi zile zilishambuliwa na kuvunjwa katika vita vya AFDL, na maelfu kwa maelfu ya wakimbizi walikufa katika misitu ya Kongo, wengi wao hawajawahi kushika silaha.

Nimelisimulia hili kwa sababu mkimbizi naye ni mlipaji. Kilo yake ya unga, mshahara wake mdogo, jina lake kwenye orodha: vyote viligeuzwa kuwa risasi. Kwa hiyo akija mtu usiku na kusema kila nyumba itoe "mchango" kwa ajili ya vijana waliobaki porini, huna wajibu wa kutoa, awe wa kabila lako au asiwe. Usibishane naye peke yako. Nenda mchana kwa maofisa wa ulinzi wa wakimbizi, uwaeleze faraghani. Taarifa za namna hiyo hazipaswi kusemwa kwenye kipaza sauti, wala kwetu redioni.

Kabla muda haujaisha, kuna habari ya mahakama. Mwaka 1999 Kongo iliishtaki Uganda mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague. Desemba 2005 mahakama iliamua kwamba Uganda ilivunja sheria ya kimataifa kwa vita na uporaji wake. Nchi hizo mbili zilishindwa kupatana juu ya fidia, kesi ikarudi. Kongo ilidai zaidi ya dola bilioni 11. Tarehe 9 Februari 2022 majaji walitoa dola milioni 325: milioni 225 kwa watu waliokufa na kuumizwa, milioni 40 kwa mali iliyoharibiwa, milioni 60 kwa dhahabu, almasi, koltani, mbao na maliasili nyingine. Zilipwe kwa mafungu matano ya milioni 65, kuanzia Septemba 2022.

Pengo kati ya bilioni 11 na milioni 325 lilitokana kwa sehemu kubwa na ushahidi. Kwa madai mengi majaji walisema uthibitisho ulioletwa hautoshi: hakuna orodha ya majina, hakuna karatasi zinazoonyesha nani alipoteza nini, wapi, siku gani. Ilibidi wakadirie kwa jumla, wakisaidiwa na wataalamu waliowateua wenyewe, na kwa ripoti za Umoja wa Mataifa zilizoandikwa na watu waliokwenda kuuliza wakati kumbukumbu zikiwa bado mbichi.

Wapo kati yenu waliobeba jeto zile hadi ng'ambo ya mpaka, ndani ya Biblia au Kurani, au katika mfuko wa plastiki pamoja na kadi ya chanjo ya mtoto. Zihifadhini pahali pakavu, pasipofikiwa na panya.